Sindano ya Pajani

Siku yangu ya kwanza kazini, huko Hola, nilishtuka kuona benchi la kliniki ya kisukari limejaa wakulima na wafugaji. Chuoni nilikuwa nimejiaminisha kwamba huu ni ugonjwa wa watu wanaokaa ofisini. Muuguzi Mkuu akaniambia, "Sista, funga mdomo, uanze kupima."

Nilifanya kazi hiyo miaka mingi, kisha nikahamishiwa kituo kimoja cha afya karibu na Garsen. Ndiko nilikompata Mama Komora, mkulima wa mpunga wa huko Minjila. Vidonge vilikuwa vimeshindwa kuishusha sukari yake, ndipo Afisa wa Tiba akamwanzishia insulini, dawa ya sindano. Kumfundisha ilikuwa kazi yangu. Nilimwonyesha namna ya kujichoma pajani, maana tumbo aliliogopa. Nikamwambia pia asikae tu, atembee, alime, atoe jasho. Akaitikia, nami nikafunga faili nikiwa nimeridhika.

Wiki ileile, saa nne asubuhi, alifikishwa kwa bodaboda, binti yake Hawayu amemkumbatia kwa nyuma asianguke. Nguo zilikuwa zimelowa jasho, macho yako wazi lakini hayamwoni mtu. Nikamtoboa kidole. Mashine haikutoa namba yoyote. Iliandika tu kwamba sukari iko chini mno kupimika. Nikatafuta mshipa wa kumwekea glukosi, sukari ya maji.

"Amefanya nini huyu?" nikamuuliza Hawayu, na sauti yangu ilikuwa kali.

"Amefanya ulivyomwambia, Sista. Amejichoma pajani, akatembea hadi shambani, akalima."

Nilihisi kama nimepigwa kofi.

Mama Komora alipozinduka, Afisa wa Tiba aliniita pembeni. "Andika kwenye faili."

"Niandike nini, daktari?"

"Ukweli. Ulimpa dawa, ukampa na mazoezi. Hukumwambia vinakutana wapi."

"Vinakutana wapi?"

"Kwenye misuli."

Akanieleza taratibu. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu wenyewe, hata pasipo insulini. Insulini nayo huuamrisha uvute. Mambo hayo mawili yakija pamoja, damu hubaki tupu. Tena paja linalotembea hupitisha damu nyingi, kwa hiyo dawa iliyochomwa hapo huingia mwilini haraka kuliko tulivyokusudia. Hata baada ya jembe kuwekwa chini, misuli huendelea kuvuta kwa saa nyingi. Nilikuwa nimevaa sare miaka yote hiyo, na hilo la paja sikulijua.

Nilirudi kitandani kuomba radhi. Mama Komora hakutaka radhi. "Sasa nisilime tena, Sista? Nile nini?"

Kwa hofu niliyokuwa nayo, nilikuwa karibu kumwambia asilime. Afisa wa Tiba akanikatiza. "Utalima, mama. Misuli isiyotumika hunyauka, na sukari hupanda. Tutakachobadilisha ni mpango."

Akampunguzia dozi ya siku za shamba. Mimi nikamfundisha upya: siku hizo achome tumboni, ale kwanza, apime kabla ya kwenda na jioni, afunge sukari kwenye leso, na akianza kutetemeka ailambe palepale. Safari hii nilimfanya Hawayu arudie kila neno.

Miezi ikapita. Dozi ikashuka tena, na Mama Komora, aliyekuwa akiinuka kwa kushika meza, akawa anainuka bila kushika kitu. Nilimtazama kama mtu asiyeamini macho yake.

Nilistaafu mwaka jana. Kwenye sherehe ya kuniaga Mama Komora alisimama mbele ya wauguzi wote, akanishika mkono na kusema kwa sauti, "Huyu ndiye aliyetaka kuniua!"

Watu wakacheka, naye akacheka kuliko wote. Mimi sikuweza.