Aliyeketi Nyuma ya Ukuta

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, mwalimu asiye na mradi alitazamwa kama mtu aliyekataa kuoga. Bupe, mwalimu wa Jiografia, alikuwa na kuku. Mkuu wa shule alikuwa na mashine ya kusaga. Wengine waliwauzia maandazi wanafunzi walewale waliowafundisha asubuhi. Yotham Chilewa, aliyefundisha Historia katika sekondari moja mjini Dodoma, alikuwa na baiskeli, redio kaseti, na makala aliyoiandika upya kila likizo.

"Wenzako tuna kuku," Bupe alimwambia ofisini, "wewe una marehemu. Na marehemu hawatagi, Mwalimu."

"Hawafi kwa kideri pia," alijibu Yotham. Ofisi nzima ilicheka. Yeye alicheka mwisho, wenzake walipokwisha kurudia madaftari yao.

Makala ilihusu Mtunya, ile njaa kubwa iliyoiangamiza nchi ya Ugogo baada ya vita ya Wajerumani na Waingereza. Mengi ya Mtunya yamo vitabuni: mvua iliyokatika, ng'ombe waliochukuliwa na majeshi. Yotham alitafuta lile lisilomo. Alitafuta watoto waliopelekwa na wazazi wao kwenye nyumba zenye nafaka wakaachwa huko, mzazi akarudi kwake na kibuyu cha uwele. Kila mzee aliyemuuliza alikiri kwamba jambo hilo lilitokea, lakini si hapa, ni kijiji cha pili. Alipofika kijiji cha pili, waliosimulia walimwonyesha alikotoka.

Kisha chama kidogo cha wapenda historia kikatangaza tuzo ya vitabu na makala kuhusu historia ya mkoa. Mfadhili alikuwa mfanyabiashara wa mahindi wa Kibaigwa, mmoja wa wale walionyanyuka biashara ya nafaka ilipoachwa huru. Makala itakayoshinda ingechapwa kitabuni. Kwa Yotham hilo lilitosha. Mchapaji wa mwanzo aliyemwahidi alikuwa amefunga milango pamoja na mashirika mengine ya umma yaliyokuwa yakifa siku zile. Yeye mwenyewe alikaribia hamsini, macho yakimuuma mbele ya chemli, na alikuwa amechoka kuandika kitu ambacho hakuna anayekisoma.

Ni mkewe, Emiliana, aliyemwambia jioni moja, akiwa anachambua mchele, bila kuinua uso: "Baba Denis, unazunguka bure. Muulize mama."

Lakini mama wa mke haulizwi. Kwa watu wa kwao mkwe haketi na mama mkwe wake, hali naye, hamtazami usoni. Wakikutana njiani mmoja huiacha njia. Katika miaka yote ya ndoa, Yotham aliijua sauti ya Mama Hana kuliko sura yake.

Basi likizo ya Agosti walikwenda Haneti, kijijini kwa mama huyo, wakapanga hivi: Emiliana aliketi ndani ya nyumba ya tembe na mama yake wakimenya karanga, redio kaseti kati yao. Yotham aliketi nje, mgongo wake ukiegemea ukuta wa udongo, uso wake ukitazama zizi.

"Hiyo inaimba?" aliuliza Mama Hana.

"Inasikiliza, mama."

"Masikini. Isikilize basi."

Naye akasema. Mama yake hakuzaliwa Haneti. Aliletwa na baba yake kutoka upande wa kusini, akiwa mtoto wa kukimbiza ndege shambani. Baba alipewa uwele, akala kidogo palepale kwa kuwa miguu ilikataa, akaondoka bila kugeuka. Mtoto alidhani anakwenda kujisaidia. Alipokua, aliolewa na kijana wa nyumba ileile, akaitwa binti wa ukoo ule. Mama Hana mwenyewe alilijua hilo wakati mama yake anakufa, na alikatazwa kulitamka, kwa sababu mtu aliyepokelewa hahesabiwi alikotoka.

Nje, Yotham alifumba macho. Vumbi la ukuta lilimwingia shingoni, naye hakulipangusa.

Yotham aliyaingiza hayo katika makala bila jina la msimuliaji, akaipeleka kwa kamati ya tuzo. Mwezi wa kumi na moja Respicius, katibu wa tuzo, mtumishi wa serikali aliyehamia kutoka Bukoba, alikuja shuleni kwa miguu na kumwita pembeni.

"Mwalimu, umewashika. Kamati imekuchagua. Mzee mmoja alivua miwani katikati, hakuivaa tena."

Yotham alijifuta chaki mikononi, akajifuta tena.

"Ila sharti moja," aliendelea Respicius. "Msimuliaji lazima atajwe jina, na akubali. Hatutaki kesho mtu aseme tumemtungia bibi yake."

"Na nikimwondoa?"

"Ukimwondoa unabaki na mvua na ng'ombe. Mvua na ng'ombe tunavyo."

Jumamosi iliyofuata walipanda gari la kwenda Haneti. Emiliana alikuwa tayari kwenda kumuuliza mama yake, kama mwanzo, lakini Yotham alikataa. Alisema ridhaa haiombwi kwa mdomo wa mtu mwingine. Aliketi mahali palepale nje, akakohoa ili ajulikane.

"Mbukwa, mama. Shikamoo."

Ndani ungo ulisogezwa. Kisha sauti: "Marahaba, baba. Leo ukuta unasalimia?"

Emiliana alicheka kwa hofu. Yotham alieleza yote, tuzo, kitabu, jina, akiongea na zizi. Alieleza kwamba wajukuu wangemsoma bibi wa mama yao, kwamba aliyeachwa pale hangepotea. Alisema vizuri, kama darasani siku mkaguzi yupo.

"Baba," alisema Mama Hana alipomaliza, "maneno hayo umeyasikia wapi?"

"Kwako, mama. Agosti."

"Kwangu? Mimi nilisema na mwanangu."

"Nilikuwa hapa nje. Nilidhani unajua."

"Nilijua. Nilikuona ukipita na kigoda. Mkwe akiwa nyuma ya ukuta hayupo, si ndivyo tulivyofundishwa? Ungekuwepo nisingefungua kinywa." Ganda la karanga lilivunjika. "Ukitaka uwe ulikuwepo, basi ulinivunjia heshima siku ile. Ukitaka uwe hukuwepo, hukusikia kitu. Chagua wewe, baba. Mimi nimezeeka, nitakubali lolote."

Yotham alimsikia Emiliana akipumua ndani, na alijua hatamsaidia. Hakupaswa kumsaidia. Alifikiria kitabu, jina lake juu ya karatasi isiyofutika. Alifikiria pia wajomba wa mkewe, waliokuwa wakilima bega kwa bega na watoto wa nyumba ile bila mtu kuuliza nani alipokelewa na nani alizaliwa.

"Sikuwepo, mama," alisema.

"Asante, baba. Emiliana, mpelekee mumeo maji, yuko mbali, amechoka na safari."

Jumatatu alimrudisha Respicius kwenye mvua na ng'ombe. Respicius alibishana, akakasirika, akamwita mkaidi, mwishowe akamshika mkono muda mrefu. Tuzo ilikwenda kwa makala kuhusu reli, makala nzuri tu. Yotham alihudhuria, akapiga makofi kwa mikono yote miwili, akanywa soda ya mfadhili, akarudi kwake kwa baiskeli dhidi ya upepo.

Emiliana alikuwa bado macho, akikunja nguo za watoto.

"Umeyafuta maneno ya mama?"

"Nimeyafuta. Yote."

"Wewe umepumzika, basi." Alikunja shati la Denis, akalikunjua, akalikunja tena. "Mimi niliambiwa, Baba Denis. Mimi nilikuwepo. Sasa nimwambie nani?"

Alikuwa na jibu la mwalimu, refu, lenye mifano. Lakini lilikuwa jibu la mtu aliyesikia. Alivua viatu, akaketi kando yake, akaanza kukunja nguo upande wake.