Chumvi Inayoita Maji

Mwanangu, bado ninaiona ile asubuhi ya Kashikishi, mji wa wavuvi kando ya ziwa, majira ya mvua, kuhara kulipoingia katika nyumba za ufukweni. Nilikuwa msichana wa kupasua samaki. Mimi na mdogo wangu Mwape tulikuwa tumevuka ziwa kutoka Kongo, tukapokelewa na mama mkubwa Feza, dada ya mama yetu, aliyeishi kwa kukausha samaki kwa chumvi. Mwanamke mkavu wa maneno yule, lakini kushindwa hakukujua.

Mwape aliamka macho yamezama, midomo imepasuka. Ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Kila tulichomnywesha kilitoka. Majirani wakasema tumwache bila maji, eti maji ndiyo yanayolisha ugonjwa. Mimi nilikuwa nimesikia kwamba chumvi na sukari huokoa. Basi nikachota chumvi kwa kiganja, nikitaka kuitia katika jagi. Ujana, mwanangu, hudhani dawa ikizidi na nguvu zake huzidi.

Mama mkubwa akanikamata mkono.

"Weye, unataka kumukausha?"

"Ni dawa, mama mukubwa."

"Angalia kule." Akanionyesha beseni la samaki aliowatia chumvi jana yake. Walikuwa wamekauka na kukakamaa, nao wamelala katika maji. "Ile maji, nani aliiweka mule? Hakuna mutu. Chumvi iliivuta mu nyama ya samaki. Chumvi mingi mu tumbo ya Mwape itavuta maji ya mwili wake vilevile, na yote itatoka inje."

Tukaanza upya: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko sita vya chai vya sukari, vyote vimesawazishwa kwa kidole. Mama mkubwa akaonja kwanza. Yasizidi chumvi ya machozi, akasema. Chumvi kidogo na sukari vikipenya mwilini pamoja, maji huvifuata.

Tukamkalisha Mwape juu ya baiskeli, mama mkubwa akiisukuma kuelekea kliniki ya Nchelenge, mimi nikitembea ubavuni na kikombe. Kijiko, kisha kijiko. Akatapika. Nikalia.

"Mama mukubwa, inarudi yote!"

"Haiwezi kurudi yote. Ngoja kidogo, anza tena."

Nikaanza tena. Njia ilikuwa tope tupu, gurudumu likizama, wachuuzi wa samaki wakitupisha kwa woga. Akatapika tena, nikangoja, nikaanza tena. Wahenga walisema papo kwa papo kamba hukata jiwe. Siku ile kamba ilikuwa kijiko cha chai.

Kule kliniki, nesi akamtundikia dripu. Nikamwuliza kama yale ni maji tu.

"Hapana," akajibu. "Iko na chumvi ya kipimo, sawa na ya damu. Maji bure ikiingia mu mushipa, chembe za damu zinavimba mpaka zinapasuka."

Kumbe chumvi ikizidi hunyausha, na ikikosekana hupasua!

Jua lilikuwa limeanza kushuka Mwape alipofungua macho, akasema kwa sauti nyembamba, "Nataka kukojoa." Nesi akapiga makofi, maana mkojo ni ishara kwamba maji yamerudi mwilini. Na mama mkubwa Feza, ambaye sikuwahi kumwona akilia hata tulipomzika mama yetu, akakaa sakafuni, akafunika uso kwa kitenge, akalia.

Basi sikia, mwanangu. Mtu akiharisha, usimnyime maji, wala usimpe kwa pupa. Pima chumvi, pima sukari, mpeleke kliniki mapema, na njia nzima usiweke kijiko chini. Wema usio na kipimo huua kama uovu. Na kipimo bila uvumilivu hakifiki mbali. Wakikuambia uache, wewe endelea.

Mungu akupe mkono usiotetemeka na moyo usiochoka, na wote utakaowanywesha waamke wakikuita kwa jina.