Marehemu Apata Kazi

Dada yangu anaitwa Marehemu, na yu mzima wa afya. Ukipita asubuhi karibu na cherehani yake utasikia watoto wakisema, "Shikamoo, Marehemu," naye anaitikia "Marahaba" huku pini zimemjaa mdomoni. Jina alilipata redioni, enzi za michezo ya kuigiza, kwa sababu hakuna aliyejua kufa kama yeye. Alikufa kwa sumu, kwa homa, kwa mapenzi. Safari moja alikufa akijifungua, na kesho yake wasikilizaji wakafika getini na rambirambi. Mlinzi akazipokea, hatukuziona tena.

Siku hizo kufa ilikuwa kazi ya watu wengi. Tulisimama sote tukizunguka kipaza sauti kimoja, mimi na beseni langu la kokoto la kutengenezea mlio wa nyayo za wauaji. Dada akishakata roho alibaki amefumba macho hadi yule aliyemuua amguse bega na kumwambia, "Amka, twende nyumbani." Naye hujibu, "Nimeamka." Aliyekuua ndiye anayekuamsha. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, wala hakuna aliyeivunja.

Kisha wakaja wataalamu. Michezo ikafutwa, na juu ya kanda zetu wakarekodi matangazo ya sabuni. Ndiyo maana leo hakuna mahali popote duniani ilipohifadhiwa sauti ya dada yangu. Yeye halalamiki, anashona mapazia. Ila niliwahi kumsikia akiiambia cherehani, "Nikifa kweli, hawatajua hata nilivyokuwa nakufa."

Kwa hiyo tuliposikia kuna watu wanatafuta sauti ya bibi kizee, alivaa gauni lake la harusi za watu, nami nikamsindikiza.

Studio ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya fundi simu: chumba kilichobandikwa sponji kuta zote, na nje yake kochi lililobonyea ambalo niliketishwa kama mgonjwa. Mkuu wa kazi alikuwa kijana anayevaa kofia ndani ya nyumba. Akatueleza kwamba wanatia sauti za Kiswahili katuni ya Kijapani iliyotokana na gemu, yenye mazimwi, mapanga, na wasichana wenye macho makubwa kama visahani. Dada angekuwa mchawi wa kinamasi, ambaye shujaa anamuua katika kila kipindi.

"Kila kipindi?" dada akauliza, uso ukamng'aa.

"Ndiyo, bibi. Kwenye gemu unamuua, kengele inalia, anafufuka. Mashabiki hawataki tubadilishe kitu."

Nikasema zamani mtu alikufa mara moja, akaliliwa. Kijana akaniuliza kama nataka chai.

Dada alipewa siku hiyo moja tu. Akishindwa kufikia jioni, nafasi inakwenda kwa binti wa matangazo ya sabuni. Sabuni tena!

Akaingia kwenye sponji, akavaa visikizio juu ya mtandio, akaikazia macho skrini. Shujaa akachoma upanga. Dada akaanza kufa, na alikufa vizuri mno. Alishusha pumzi, akamwita mama yake, akaomba maji. Mchawi kwenye skrini alikuwa ameshanyamaza zamani.

"Bibi, mdomo umefungwa!"

"Wa nani?"

"Wa mchawi!"

"Afungue, basi. Mimi sijamaliza kufa."

Walibishana hadi chai ikapoa. Lakini anayekata pazia kwa kipimo cha dirisha anaweza kukata hata kifo. Akamtoa mama, akayatoa maji, akabakiza pumzi moja inayokwama kooni, ikaisha sawia na mdomo wa mchawi. Kijana akaruka kitini kwa furaha.

Kengele ikalia, tiling! Mchawi akainuka akicheka. Dada akabaki amefumba macho, kimya.

"Bibi, sema! 'Nimerudi, wapumbavu ninyi!'"

Wakarudia, na kurudia. Kila mara alikufa vyema, macho yale yale yamefumbwa, maana kipimo alishakikariri, na kila mara hakufufuka. Dirishani jua lilikuwa linaondoka. Kijana akatoa simu amtafute binti wa sabuni, kisha akasita.

"Mzee, au amezimia kweli?"

"Hajazimia. Anasubiri kuamshwa."

"Si kengele imelia?"

"Kengele ni ya shule. Muuaji wake yuko wapi?"

"Nani, shujaa? Alirekodi kwake wiki iliyopita. Ndani ya kabati la nguo, mwangwi usiingie."

Mtu anaua akiwa kabatini, mwingine anakufa wiki inayofuata, na kati yao hakuna hata salamu!

"Basi mpigie huyo," nikasema, "uachane na sabuni."

Muuaji alikuwa kwa kinyozi. Kijana akamweleza, akaiunganisha simu na visikizio, nasi tukasikia spikani sauti ya mtu mwenye haya, mashine ikinguruma sikioni mwake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," akasema dada, macho bado kayafumba. "Wewe nani?"

"Mimi ndiye... ndiye niliyekuua."

"Ulikuwa wapi muda wote huu?"

"Nisamehe, bibi. Nanyolewa." Mashine ikazimwa. Nadhani kinyozi naye alikuwa anasikiliza. "Amka, twende nyumbani."

"Nimeamka," akasema dada, akafumbua macho. Kengele ikapigwa, na ile "Nimerudi, wapumbavu ninyi!" ikatoka na kicheko kilichonisimamisha kwenye kochi.

Kazi akaipata. Siku hizi muuaji anakuja mwenyewe, maana dada hakubali kuuawa na mtu asiyemwona, na kijana wa kofia ananung'unika kwamba anapotezewa muda. Ameniapia sauti ya dada imehifadhiwa kwenye mashine tatu. Nikamwambia hata redioni waliapa. Dada akanikanyaga mguu.

Jana jirani alisimama mbele ya cherehani. "Marehemu, kile kifo cha juzi kimeniliza!"

"Asante, mwanangu," akajibu, akizitoa pini mdomoni. "Kesho nakufa tena. Uwahi kufungua runinga."