Maili Tisa Bila Kushuka

Dada yangu mkubwa alipopatwa na kiharusi, upande wake wa kushoto ukafa, alikuwa akikaa Malindi kwa mumewe, nami nimeolewa Kakuyuni. Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Majina yao wote nayakumbuka, hata ya watu wa njiani, lakini sitayaandika. Wengi wamelala, na aliyelala huwezi kumwomba ruhusa.

Dada alikataa kuogeshwa na mtu mwingine. Mumewe akimshika, analia. Majirani wakija, anageukia ukuta. Anamtaka mdogo wake, basi. Gari la asubuhi nalo lilipita likitaka, siku nyingine halikutaka. Nikaitazama baiskeli ya mume wangu. Ilikuwa ya kiume, ndefu, na keria ya chuma aliyobebea nazi kila alasiri. Asubuhi ilisimama bure.

"Nifundishe," nikamwambia.

"Wewe?" Akacheka mpaka akakaa chini. "Na kile chuma cha kati utakivukaje?"

"Nipe suruali yako kuukuu, mengine niachie mimi."

Nikavaa suruali, nikafunga leso juu yake. Alinifundisha siku nane, akikimbia nyuma ameshika kiti, maskini, na kifua chake kile cha pumu. Lakini kupanda kwangu kulitaka kichuguu: niweke mguu juu yake, nivuke chuma, nisukume, nende. Pasipo kichuguu sikuweza. Wanawake kisimani wakanikejeli: "Mama we, utazaa nini na chuma hicho?"

"Nimeshazaa sita," nikawajibu. "Hao wananitosha."

Mume wangu alisema hadi kwa dada ni maili tisa. Nikajipangia: kila Jumatatu na Alhamisi, mvua isiwe mvua, jua lisinikute nyumbani. Mwanzo maili moja, hadi kwenye kinu cha kusagia mahindi, nirudi. Kisha tatu. Miguu iliniuma hata kuchutama jikoni sikuweza. Wiki ya tano nikafika Malindi, lakini jua lilikuwa la utosi. Dada amekaa na nguo ya jana, maji yake yamepoa.

"Nilidhani huji," akasema kwa mdomo wake uliopinda.

Kilichonichelewesha si miguu, ni adabu. Kwetu humpiti mkubwa wako ukiwa umepanda. Unashuka, unapiga goti kidogo, shikamoo, anakuuliza nyumbani, watoto, mbuzi, kisha anakuuliza tena. Halafu mimi niikokote baiskeli mpaka kichuguu kingine. Na barabara ile ilikuwa na wazee wengi kuliko vichuguu.

Basi nikajiwekea shabaha: maili tisa nzima, mguu usiguse chini, nifike maji ya dada yakiwa na moto.

Alhamisi iliyofuata nikajaribu. Wa kwanza barabarani alikuwa mavyaa, mamake mume wangu, amejitwika kuni. Nikampita mbio: "Shikamoo mama!" Hakuitika. Hakusikia kwa upepo, nikajiambia. Niliporudi nikamkuta mlangoni kwangu.

"Leo kuna mtu kanipigia kelele njiani. Ulimwona?"

"Ni mimi, mama."

"Ah. Nikadhani muuza samaki."

Nikapiga goti, nikamweleza yote: vichuguu, maji, nguo ya jana. Alinisikiliza akichambua mchicha wangu bila kuombwa. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Jumatatu nipitie."

Jumatatu nikamkuta kavaa leso mpya. "Dada yako ni mwanangu," akasema, "na sijamwona tangu augue." Akakaa kwenye keria kiupande, akanishika kiuno. Tulianza kwa kuyumba.

"Ukiniangusha, mwanangu atakurudisha kwenu."

"Na wewe ukitikisika, mama, tutarudi sote."

Mzee wa kwanza tulipomkaribia, nikaanza kufunga breki. Nikapigwa kofi la mgongo: "Nenda!" Yule mzee akaona ni nani aliye nyuma, akavua kofia upesi. "Shikamoo mama!"

"Marahaba baba, nyumbani wazima? Tunakwenda kwa mgonjwa!" Na tumeshapita.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Mavyaa alimzidi umri karibu kila mtu wa barabara ile, kwa hiyo wao ndio waliopaswa kumwamkia, na kuitikia hakuhitaji kushuka. Aliitikia marahaba njia nzima, sauti inamkauka, raha imemjaa. Waliotaka kuuliza habari za mbuzi walijibiwa na vumbi. Mmoja tu ndiye aliyemzidi miaka. Nikauliza, "Huyu je, mama?" Akaninong'oneza, "Huyu haoni vizuri. Kanyaga!"

Mguu wangu haukugusa chini hadi mlangoni kwa shemeji. Dada alikuwa bado kitandani. Alipotuona wawili, mapema vile, akashtuka.

"Kafa nani?"

"Hajafa mtu," nikasema, nikihema. "Tumekuja kukuogesha."

Maji hayakuwa hata yamebandikwa. Mavyaa alikwisha kujifunga leso kiunoni, anauliza ndoo iko wapi. Nikamtazama dada, roho mkononi. Akanyoosha mkono wake mzima.

"Nyuma ya mlango, mama," akasema.