Sweta ya Ndunge Yapata Mnunuzi

Ndunge anauza masweta ya mitumba pale Kawangware, na mdomo anao. Pita karibu na meza yake uone: utaitwa dada, utaitwa bosi, mwishowe utajikuta umeshavaa. Wauzaji wa hapo wana mpango wao. Mmoja akitoka kidogo, jirani anamuuzia, na hakuna kuulizana maswali.

Basi Jumanne moja jua likatoka ghafla katikati ya baridi ya Julai. Ndunge akavua sweta aliyokuwa amevaa, akaitupa juu ya meza, akamwachia kazi Mutiso wa viatu na kukimbia chooni. Aliporudi, Mutiso alikuwa meno nje.

"Nimekuuzia moja! Ile ya rangi ya maruni. Mia tatu, na hakuomba hata nimpunguzie!"

"Maruni gani?"

Mutiso akaangalia meza. Akamwangalia Ndunge, amebaki na blauzi ya mikono mifupi. Uso ukaanza kumshuka.

"Hiyo ni yangu! Woi, Mutiso, umenimaliza!"

Sweta yenyewe haikuwa mtumba. Mamake aliifuma kwa mkono kule Machakos, muda mfupi kabla macho yake hayajazima kabisa. Ndiyo ya mwisho, hatafuma nyingine. Ndunge akakaa juu ya gunia akalia, mtu mzima, mchana kweupe, na Mutiso akabaki ameshika kiatu kimoja asijue akiweke wapi.

Bahati nzuri, mnunuzi alilipa kwa simu, jina na namba vikaonekana: Apiyo. Wakampigia. Ndunge akaeleza yote akimsihi, maana mama huyo alinunua kihalali na angeweza kukata simu aendelee na shughuli zake.

"Pole sana, mami," Apiyo akasema. "Mimi nakaanga samaki Soweto West, Kibera, na nishapanda matatu. Kuja na ingine tu. Siwezi kaa hivi hivi na hii baridi."

Ndunge akafika Kibera na boda, amebeba masweta matatu ili Apiyo achague. Haki, aliyezoea kusumbua wateja alisumbuliwa siku hiyo! Ya kwanza ilimwasha Apiyo shingoni. Ya pili, eti inamfanya aonekane kama mwalimu mkuu. Ya tatu akazunguka nayo mbele ya majirani, wakapiga kura, ikapita. Ndipo akaikunja ile ya maruni taratibu, akamrudishia.

"Aliyefuma hii anajua kazi. Mpigie nimwambie."

Ndunge alikuwa amepanga mamake asijue kamwe. Wapi! Alimpigia ili amsalimie tu, na simu ilipopokelewa Apiyo akainyakua, akaweka spika, akamwaga yote: meza, Mutiso, mia tatu.

Ndunge akafumba macho akingoja kugombezwa.

"Ulinunua bila kujua ni nani ameifuma?" mama akauliza.

"Ningejuaje, mama? Niliiona, nikaipenda."

Mama akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakohoa. Tangu macho yaharibike, wimbo wake ulikuwa kwamba sasa yeye ni mzigo tu, na Ndunge hakuwa amesikia kicheko hicho kwa mwaka mzima. Alikumbatia sweta yake, machozi yakimtoka, na hata hakujali kwamba inanuka samaki.

"Ndunge," mama akaita, "mwambie huyo Mutiso, kama ningekuwa naona, ningemletea kumi auze."