Bi Kufuli na Swichi ya Koridoni

"Kamuua mumewe kwa umeme, halafu kaendelea na kazi ileile!" Msusi wa ghorofa ya juu alikuwa akimnong'oneza Mama Toto, lakini kwa sauti ambayo hata aliye barabarani angeisikia. "Na leo anakuja tena kufungua mashine zetu. Ukimwona, mfiche mtoto."

Mama Toto alimpakata mwanawe, akaingia naye ndani. Msusi akijibiwa ndiyo kwanza anapata mbio.

Bi Kufuli alifika saa nne asubuhi, begi la vyombo begani, uso kaukunja. Jina hilo alipewa na wapangaji, na hawakumpa kwa mapenzi. Jengo lina viyoyozi sita. Mashine zake za nje zimepangwa kwenye kichochoro cha nyuma, na zote zinakula umeme kutoka swichi moja kubwa iliyo koridoni, hatua mbili tu kutoka mlangoni kwa Mama Toto. Kila fundi huyu akija kuzisafisha, huishusha swichi ile, akaitia kufuli, na ufunguo akauvaa shingoni ndani ya blauzi. Watu hubaki wakiiva kwa joto mpaka amalize.

"Leo tumekwisha," alisema mama mkwe wa Mama Toto kutoka kwenye kochi, akijipepea kwa gazeti.

"Shikamoo, mama," Bi Kufuli alimwamkia, kavu kavu.

"Kaa na shikamoo yako. Utamaliza saa ngapi?"

"Nikimaliza."

Mama Toto alitamani kucheka, akajizuia. Nyumba ni ya mama mkwe, na huu ni mwaka wa pili anaishi humo hajawahi kumjibu neno.

Akaenda kusimama kwenye dirisha la jikoni, linalotazama kichochoroni. Kule nje Bi Kufuli, aliyekwisha kuishusha swichi na kuitia kufuli, hakuwa na haraka hata chembe. Kwanza aliingiza mkono dirishani, akaijaribu tesita yake ya kupimia umeme kwenye soketi ya jikoni, aone kama ni nzima; kitaa chake kikawaka. Ndipo akaigusisha kwenye nyaya za mashine. Kitaa kimya. Hata hapo hakushika kitu. Aligeuza ndoo, akaikalia, akangoja.

"Dada, si umeshazima?" Mama Toto akamuuliza.

"Nimezima."

"Sasa unangoja nini?"

"Humu ndani kuna kikopo kinachokunywa umeme na kuuweka. Swichi ukiizima, chenyewe bado kimeshiba. Ukikishika hivyo, kinakutupa ukutani."

Mama Toto akampitishia glasi ya maji kati ya nondo za dirisha.

"Sikuja kunywa," alisema Bi Kufuli. Akainuka, akakimaliza nguvu kile kikopo kwa waya wake maalumu, akaanza kufungua skrubu. Kisha, bila kugeuka: "Yule msusi kakwambia nini?"

"Aa, hakuna."

"Hujui kudanganya. Tangu nimekuja unaitazama mikono yangu kama nimeshika kisu."

Mama Toto alimhamisha mtoto kutoka bega moja kwenda jingine. "Kasema ulimuua mumeo."

"Nilimuua." Skrubu ikaanguka kwenye kopo, ikalia. "Yeye alikuwa juu ya paa, mimi niko chini kwenye swichi. Siku ile kazi yangu ilikuwa kusimama tu. Akaitisha spana, na begi tumeliacha kwenye gari. Nikatoka, dakika mbili hazikufika. Mwenye nyumba akaona joto limemzidi, akaipandisha." Akapuliza vumbi kwenye brashi. "Mashemeji walinifukuza msibani. Nilibeba begi lake, nikaendelea na kazi, maana ndiyo aliyonifundisha. Swichi sasa simwachii binadamu. Naiachia chuma."

Mama Toto akampa pole. Haikuonekana kama Bi Kufuli anaingoja. Alikuwa ameshaingiza mkono kati ya mapanga ya feni, anasugua uchafu, na uchafu unamwangukia miguuni.

Koridoni kikalia kishindo. Chuma kwa chuma. Kikarudia.

Mashine zote zikanguruma kwa pamoja. Mapanga ya ile iliyofunguliwa yakazunguka mpaka hayaonekani. Bi Kufuli alikuwa ameinama wakati huo huo kuchovya brashi kwenye maji. Angechelewa kuinama kidogo tu, mkono usingekuwepo.

Hakupiga kelele. Alizunguka mpaka koridoni, akaishusha swichi. Mama Toto naye akatoka, mtoto kiunoni. Kufuli lilikuwa sakafuni, vipande viwili. Msusi kashika nyundo.

"Nina wateja watatu vichwa vimejaa dawa, jasho linawaingia machoni, wewe umekaa dirishani unapiga soga!"

"Na nyundo nimempa mimi," mama mkwe alisema kutoka mlangoni. "Presha yangu haingoji vikopo vyako."

"Mngeniua."

"Si ungemfuata mumeo," msusi akajibu. "Kusanya vyombo vyako uondoke."

"Nikiondoka sasa nyaya ziko wazi, na kichochoro hicho ndicho wanachochezea watoto wenu. Nazifunika kwanza. Nusu saa."

"Wewe toa mguu tu hapa, uone kama siipandishi."

"Na mimi nitamsaidia," mama mkwe akaongeza. Akamgeukia Mama Toto. "Wewe unashangaa nini? Ingia ndani."

Mama Toto hakuingia, wala hakusogea mbele. Bi Kufuli alikitazama kile chuma kilichovunjika, akaitazama nyundo, kisha akamtazama yeye.

"Mama Toto," alisema, na ile sauti yake kavu ikapungua. "Kufuli jingine sina. Njoo usimame hapa, mgongo wako kwenye swichi. Asiiguse mtu, hata mama mkwe wako. Nusu saa tu. Nakuomba."