Kushoto Ndiko Alikokujua

Kila asubuhi, kabla hajaondoa kitambaa kinachofunika cherehani yake, Mama Fundi hupanda baiskeli na kulizunguka tangi la maji uani. Sketi ameibana kwa vibanio vya nguo, ulimi umechungulia nje kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Hapo ndipo alipojifunzia, mwaka huu huu, mvi zikiwa zimeshamjaa. Alianza kwa kuzunguka upande wa kushoto na hakuthubutu kugeuza. Basi kukata kushoto hana mpinzani. Usukani ukielekea kulia, baiskeli inalala chini, naye juu yake.

Jumamosi ile dada yake mkubwa alikuwa anahama. Anakwenda kuishi kwa mwanawe, mji wa mbali, na basi linaondoka saa sita. Dada huyo ndiye aliyewahi kusema, "Wewe upande baiskeli? Labda kuku waote meno!" Mama Fundi alikuwa na haja moja tu: dada amwone juu ya baiskeli kabla hajaondoka.

Kundi la waendesha baiskeli la mtaani lina desturi yake: mwenye shughuli ndiye anayetangulia, na hapitwi. Nyuma yake wakajipanga Kinyozi, ambaye kengele yake hulia kama mbuzi. Muuguzi, aliyetoka zamu bila hata kubadili viatu. Na binti wa kaka yake Mama Fundi, msichana wa vitabu anayeweza kumaliza siku nzima bila kutoa neno.

Walipofika benki, njia ya stendi ilikata kulia. Mama Fundi akaitazama. Mikono ikagoma. Akapitiliza.

"Mama Fundi, stendi si huku!" akapiga kelele Kinyozi.

"Nifuateni!"

Kushoto mara tatu, aliwaza, ni sawa na kulia mara moja. Hesabu haikuwa na kosa. Mitaa ndiyo iliyokataa. Kona ya kwanza iliwatumbukiza kwenye karakana ya maseremala, wakapenya kati ya makabati na vitanda, vumbi la mbao likiwapaka unga.

"Karibuni, wateja!"

"Tunapita tu!"

Kona ya pili ikawaingiza uani kwa dobi, katikati ya mashuka yaliyoanikwa. Walipochomoza upande wa pili, Muuguzi alikuwa na foronya kichwani.

"Wewe! Foronya ya watu hiyo!" Dobi alikuja mbio, pasi mkononi.

Muuguzi akaivua na kuirusha nyuma bila kusimama, kicheko kimembana mbavu. Kona ya tatu ikawapitisha mahali pa kuoshea magari. Wakaoshwa.

"Huyu mama anaujua mji huu nje ndani!" Kinyozi alisema, maji yakimchuruzika puani.

Mama Fundi akatupia jicho angani. Jua lilikuwa limeshasimama utosini. Akakanyaga pedali kama anayeshona sare za shule usiku wa kuamkia kufungua, akakata kushoto tena, kichochoro kikawatema kwenye barabara kubwa. Pale kwenye taa za barabarani, mizigo imefungwa juu, lilikuwa limesimama basi. Limeshatoka stendi.

Kichwa kikatokeza dirishani. "Ala! Macho yangu haya, au ni wewe?"

"Ni mimi, dada! Kuku wameota meno!"

Taa zikaruhusu. Basi likaanza kugeuka, na kwa bahati isiyo na mfano, likageuka kushoto. Mama Fundi akageuka nalo, mgongo umenyooka, kengele zote zikilia nyuma yake, ile ya mbuzi ikizishinda.

"Angalia mbele, mjinga wewe!" Dada alikuwa nusu mwili nje, anacheka, anafuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Angalia mbele! Utaanguka!"

"Sianguki!"

Basi likaongeza mwendo, mtandio ukapepea mpaka ukawa kitone.

Wakaketi ukingoni mwa barabara, wamelowa, wanahema.

"Tungekwenda stendi tungekuta moshi tu," Kinyozi alisema. "Kumbe mwenzetu alijua litapita hapa! Akili hizo!"

Muuguzi akapiga makofi. Ndipo yule msichana wa vitabu akakohoa kidogo, akafungua kinywa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Shangazi, kwa nini hatukukata kulia pale benki?"

Wote wakamgeukia Mama Fundi. Naye akakamua maji kwenye pindo la sketi, taratibu.

"Kulia sijui, mwanangu."